Kisu kilikuwa kifutio cha karani

Umeuliza karani wa Japani ya kale alitumia vifaa gani, na mhuri ulikuwa na kazi gani. Nikichukua karne ya 8, mji mkuu ukiwa Nara: brashi ya manyoya, wino wa masizi, kisagio cha wino cha udongo wa kuchoma, na kisu kidogo.

Hicho kisu ndicho kinachonivutia zaidi. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo mambo mengi ya kila siku yaliandikwa kwenye vibao vyembamba vya mbao, mokkan. Karani akikosea, au kibao kikishamaliza kazi yake, anakwangua uso wa mbao na kuandika upya. Wanaakiolojia wamefukua maelfu ya hayo maganda ya mbao, mengine yana kipande tu cha herufi. Vibao vingine vimechongwa pengo kila upande ili kamba ishike: vilifungwa kwenye mizigo ya kodi, kama chumvi na mwani.

Mhuri ulikuwa wa hati za karatasi. Mwaka 704 serikali ilisubu mihuri ya majimbo, ya mraba, kila upande kama sentimita 6. Haukugongwa mara moja tu chini ya ukurasa kama tulivyozoea maofisini. Uligongwa kwa rangi nyekundu juu ya maandishi yenyewe, tena na tena, hasa penye tarakimu, ili mtu asiweze kubadilisha hesabu bila kuharibu alama. Hati za namna hiyo bado zipo, zimehifadhiwa katika hazina ya Shosoin, huko huko Nara.