Kuvuka hifadhi ya taifa kwa baiskeli: hesabu za kufanya kabla ya geti

Kwenye safari ndefu ya kawaida, ukichoka unalala kijiji kilicho karibu. Hifadhini nafasi hiyo haipo. Umbali wa siku hupangwa na saa za geti na mahali palipotengwa pa kupiga hema, hata kama miguu bado ina nguvu.

Baiskeli yenye mzigo wa kilo 20 hivi huenda kilomita 15 kwa saa kwenye lami tambarare. Ukijumlisha mapumziko, piga hesabu ya 12. Kwenye changarawe yenye mawimbi piga ya 8, na usijidanganye. Kipande cha kilomita 60 cha changarawe basi ni saa saba na nusu. Geti la kutokea likifungwa saa kumi na mbili jioni, anayeingia saa mbili asubuhi ana saa mbili na nusu tu za pancha na za tembo waliosimama barabarani.

Unapoomba ruhusa, usiulize tu kama baiskeli zinaruhusiwa. Uliza ni barabara ipi, ni saa ngapi, na mwendesha baiskeli atalala wapi. Hifadhi ya Glacier, Marekani, huzuia baiskeli kwenye baadhi ya vipande vya barabara yake kuu mchana wa msimu wa kiangazi kwa sababu ya msongamano wa magari. Na penye barabara kuu, kama Mikumi, ambako lami hupita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, ogopa malori kama unavyoogopa wanyama: kioo cha pembeni na fulana ya kung'aa havina mjadala.

Maji: lita 6 kwa siku ya joto, zaidi kama hakuna pa kujaza. Hizo ni kilo 6, kwa hiyo zikae chini, karibu na fremu, zisiwe juu ya keria.

Kinachoharibika zaidi ni gurudumu la nyuma. Hubeba sehemu kubwa ya uzito, na spoki za upande wa gia zimekazwa kuliko za upande wa pili, ndizo hukatika kwanza. Beba spoki nne za upande huo, spana ya spoki, na kifaa cha kufungulia gia. Bila hicho cha mwisho spoki mpya haiingii, utabaki umeishika mkononi. Punguza mzigo wa nyuma kwa kuhamishia mbele kama theluthi moja. Kila jioni kagua boliti za keria, maana mtikisiko wa changarawe huzilegeza kimyakimya. Beba tyubu mbili na viraka vinane. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi pote ili kinase mwiba uliobaki. Wageni wengi hupata pancha ya pili dakika kumi baadaye kwa kuruka hatua hii.

Baiskeli haina kelele, na mnyama aliyeshtuka ni hatari kuliko aliyekuona mapema. Kwenye kona na vichaka, piga kengele au ongea kwa sauti. Hifadhi ya Yellowstone, pia ya Marekani, hutaka uwe angalau mita 23 kutoka kwa nyati wa kule na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu; kwa tembo mwenye ndama, sisi tungeongeza umbali huo bila aibu. Usipite katikati ya kundi. Subiri, au omba gari lipite taratibu likiwa kati yako na wanyama. Ukikutana na mnyama mla nyama kwa karibu, usikanyage pedali kukimbia, kwani mwendo wako huamsha hamu yake ya kufukuza. Shuka, weka baiskeli mbele yako, mtazame, rudi nyuma polepole.

Usiku, chakula kisilale hemani. Sabuni na dawa ya meno pia. Tumia sanduku la chuma la kambi kama lipo, au omba askari wa hifadhi akuhifadhie.

Kuna siku askari watakuambia upande gari. Kubali. Toa mifuko yote kwanza, kisha ilaze baiskeli kwa upande wake wa kushoto, gia zikiwa juu, na usiruhusu mzigo wowote kuwekwa juu ya magurudumu.