Majarida ya zamani ya usalama wa ndege za kijeshi: tafuta aliyeyachapa, siyo jina

Mkuu, umeuliza utayapata wapi matoleo ya zamani ya majarida ya Marekani, Approach, Aerospace Safety na TAC Attack, ya miaka ya 60 na 70, na juu yake Air Clues la Waingereza, kwa sababu babu yako alikuwa fundi msaidizi kwenye kituo cha jeshi la anga la Uingereza (RAF) Eastleigh, Nairobi, na nyumbani mmesikia kuna ajali ya pale iliyoandikwa humo. Umesema umegoogle mpaka umechoka, unaambulia picha za jalada na wauzaji tu. Mimi ni fundi ndege. Majarida haya nayakusanya kwa ajili ya kufundishia vijana wanaoletwa karakana kujifunza kazi, kwa hiyo njia zake nazifahamu kiasi. Maelezo ni marefu, vuta kiti.

Kwanza, acha kutafuta kwa jina la jarida. Haya yalikuwa majarida ya ofisi, hayakuwa ya biashara, na ofisi ikipanguliwa jina nalo linabadilika. La jeshi la anga la Marekani lilikuwa Flying Safety, mwaka 1960 likawa Aerospace Safety, mwanzoni mwa miaka ya 80 likarudi kuwa Flying Safety, na baadaye sana likaitwa Wingman. Ni jarida lile lile, ila kwenye katalogi za maktaba kila jina lina rekodi yake, na aliyefungua rekodi moja hana habari kama nyingine ipo. Approach ndilo linalosumbua zaidi: neno hilo marubani wanalitamka kila siku, ukiliandika peke yake unaletewa kila kitu kinachohusu ndege kutua.

Sasa andika ofisi. Approach, la wanamaji, lilianza Julai 1955 chini ya Naval Aviation Safety Center, baadaye Naval Safety Center, mjini Norfolk, Virginia. Aerospace Safety lilitoka Norton, kambi ya anga ya California ambayo ilishafungwa. TAC Attack lilikuwa la Tactical Air Command pale Langley, Virginia; kamandi hiyo ilivunjwa 1992 na jarida likaendelea kwa jina la The Combat Edge. Ukitafuta kwa jina la ofisi pamoja na mji, vitatokea hata vitu ambavyo hukujua vipo. Karibu kila kamandi kubwa ilikuwa na jarida lake: wa ndege za mizigo walikuwa na The MAC Flyer, wa mabomu ya masafa marefu Combat Crew, wa ulinzi wa anga Interceptor. Wengi wanaishia kwenye yale mawili matatu maarufu, wakati kwa kufundishia haya ya kamandi ndiyo matamu, kwa sababu yanazungumza na watu wa ndege ya aina moja kwa lugha ya karakana.

Upande wa Marekani sheria iko upande wako. Kazi iliyoandikwa na mtumishi wa serikali yao kuu akiwa kazini haina hakimiliki kule. Ndiyo maana HathiTrust, hazina ya vitabu vilivyoskaniwa kutoka maktaba za vyuo vikuu, wana majuzuu mengi ya majarida haya yaliyo wazi kusomwa na yeyote. Tatizo ni kwamba mfumo unafungua kitabu kama rekodi yake inasema wazi kuwa ni chapisho la serikali. Mkutubi wa chuo fulani asipoweka alama hiyo, juzuu inabaki imefungwa, unaruhusiwa kutafuta maneno tu. Kwa hiyo ukikuta mwaka 1967 umefungwa, usikate tamaa, rudi kwenye orodha uangalie nakala ya chuo kingine. Mara nyingi juzuu ile ile iliyotoka maktaba nyingine iko wazi kabisa. Na ikiwa zote zimefungwa, waandikie, ueleze kuwa ni chapisho la serikali ya Marekani, uombe waipitie upya.

Ukishaingia ndani utakutana na jambo linalochanganya wageni. Juzuu moja ni mwaka mzima, matoleo kumi na mawili yaliyoshonwa pamoja, na kurasa zinaanza moja upya kila mwezi. Ukitafuta neno, unaambiwa ukurasa wa 14, na ukurasa wa 14 uko kila mwezi. Usifuate namba iliyochapwa kwenye karatasi, fuata namba ya picha ambayo mfumo wenyewe umeipa, kisha rudi nyuma mpaka ufike kwenye jalada ujue ni mwezi gani. Angalia pia ukingo wa ndani: mshonaji wa maktaba alipokata migongo ili azishone pamoja, wakati mwingine alikula herufi za safu ya ndani, ukasoma sentensi zisizo na vichwa. Hapo tena dawa ni nakala ya chuo kingine.

La jeshi la nchi kavu, U.S. Army Aviation Digest, ndilo rahisi kuliko yote. Lilianza Februari 1955, na matoleo ya zamani wenyewe wameyaweka mtandaoni kama PDF. Linki nyingi utakazokuta zimekufa kwa sababu kambi ya Fort Rucker, Alabama, yenye tovuti hiyo, ilibadilishwa jina mwaka 2023 ikawa Fort Novosel, halafu 2025 ikarudishiwa Rucker, na anwani za tovuti zikahama nayo. Tafuta kwa majina yote mawili. Wakanada nao hawana choyo: Flight Comment, lililoanza 1949 kwa jina la Crash Comment, liko kwenye tovuti ya serikali yao, kwa Kiingereza na Kifaransa. Mwenye muda aanzie huko.

Yanayokosekana mtandaoni yako kwenye rafu. Marekani kuna mpango wa maktaba za amana, serikali inazipelekea machapisho yake bure, nyingi zikiwa za vyuo vikuu. Huko vitabu vya serikali havipangwi kwa utaratibu wa kawaida, vina namba zake: D ni Wizara ya Ulinzi, D 101 jeshi la nchi kavu, D 301 jeshi la anga, na Approach utalikuta D 202.13. Ukimwandikia mkutubi wa machapisho ya serikali, mpe namba hiyo, mwezi, mwaka na ukurasa. Hapo ndipo ile juzuu iliyofungwa ya HathiTrust inapokufaa: haikuonyeshi maandishi, lakini inakuambia neno lako liko ukurasa gani. Ombi la kurasa tatu zinazojulikana linajibiwa haraka, wengine wananitumia siku hiyo hiyo bila kudai senti. Ombi la «chochote kuhusu F-4», yaani ndege ya kivita, linakaa kwenye foleni mpaka unalisahau mwenyewe.

Kabla sijaenda kwa Waingereza, neno moja kwa mafundi. Kila mtu anakimbilia hadithi za marubani, na kweli zinachekesha. Kuna yule mzee mwenye ndevu ndefu, Grampaw Pettibone, aliyechorwa na Robert Osborn kuanzia 1943 kwenye Naval Aviation News: kwanza kinaelezwa kisa kwa ukavu wa ripoti, halafu mzee anatoa maoni yake akiwa amefura, na hapo rubani anachambuliwa mpaka unamwonea huruma. TAC Attack nalo lilikuwa na Fleagle, ndege mwenye mabawa aliyevaa vifaa vya urubani na asiyekoma kuponzeka. Lakini ningekushauri ufungue zile kurasa za habari fupi ambazo watu wanazipita. Kofia ya mrija wa pitot, ule wa kupimia mwendo wa ndege, haikutolewa. Tochi imesahauliwa kwenye njia ya hewa ya injini. Pini ya kufungia nati haikurudishwa kwenye kiungo cha usukani kwa sababu zamu ilibadilika katikati ya kazi. Kisa kizima mistari kumi. Nikimsomea kijana kisa kama hicho asubuhi kabla hajashika spana, siku nzima namwona anahesabu vifaa vyake mara mbili. Wanamaji wa Marekani walikuwa na jarida zima la mambo hayo, Mech, na ni la kutafutwa.

Sasa Eastleigh. Hapa lazima nikuambie ukweli: huko kwa Wamarekani hutapata kitu cha babu yako. Ni Waingereza, na kwao kazi ni ngumu zaidi. Wakati wa vita RAF walikuwa na Tee Emm, lililotoka kuanzia 1941 hadi 1946, na mhusika wake Pilot Officer Prune aliyechorwa na Bill Hooper, rubani mjinga ambaye kosa lake la mwezi lilikuwa somo kwa wenzake. Walifika hadi kutoa nishani ya kejeli kwa marubani halisi waliofanya upumbavu wa hali ya juu. Baada ya vita likashika nafasi Air Clues. Hakimiliki ya serikali ya Uingereza kwa chapisho inakwisha baada ya miaka 50, kwa hiyo ya miaka ya 60 yako huru kisheria, ila hayakuskaniwa kwa wingi kama ya Marekani. Unakwenda kwenye karatasi: British Library, au chumba cha kusomea cha makumbusho ya RAF, Hendon, kwa miadi.

Na hata ukilishika mkononi, usitegemee kuona neno Eastleigh wala jina la mtu. Majarida haya, ya nchi zote, yanaficha kwa makusudi. Uchunguzi wa usalama umetengwa na uchunguzi wa kumwadhibu mtu, ili aliyehusika aseme yote bila woga. Ikiandikwa jina, kesho hakuna atakayesema. Kwa hiyo utakuta «ndege ya mizigo, uwanja wa juu, mchana wa joto», basi. Eastleigh iko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, ndege inahitaji barabara ndefu zaidi kuruka, na hiyo ni moja ya alama utakazotumia. Kisa chenyewe kinatoka miezi kadhaa baada ya ajali.

Kwa sababu hiyo anza upande wa pili. Pata ajali kwanza, halafu jarida. Kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kumbukumbu za vikosi ziko kwenye mafaili yenye namba AIR 27 na za vituo AIR 28. Ni shajara za kila mwezi, zimeandikwa tarehe, ndege na wafanyakazi wake. Ukishapata namba ya ndege, kuna kadi za ajali, Form 1180, ambazo makumbusho ya RAF wanaweza kukusaidia. Kuingia Kew ni bure, unatengenezewa kadi ya msomaji na unaruhusiwa kupiga picha kwa simu yako bila malipo. Kama una ndugu London, kazi ya siku moja hiyo. Mtumie namba za mafaili ulizokwisha kuzitoa kwenye katalogi yao mtandaoni, asifike pale akaanza kuuliza.

Kununua, mimi naliweka mwisho. Kwenye minada ya mtandaoni bei ya jarida moja siyo tatizo, posta ndiyo inayoua. Kama lazima, nunua fungu la mwaka mzima kwa muuzaji mmoja, na umwombe picha ya ukurasa wa katikati, maana michoro ya ndege ya kurasa hizo wengi waliichomoa kubandika ukutani.

Niambie babu alikuwa pale miaka gani. Kama ni 1953 hadi 1955, wakati wa Mau Mau, tafuta ndege za Harvard za kikosi kidogo cha 1340 Flight. Kama ni kati ya mwisho wa 1959 na 1964, kabla kituo hakijakabidhiwa Kenya, anza na kikosi namba 30 cha ndege za mizigo za Beverley, kisha namba 21 cha ndege za Twin Pioneer. Na mwulize mama au shangazi kama babu aliwahi kutaja ndege ya injini nne au mbili. Kwa miaka hiyo ya mwisho, nne huenda ni Beverley na mbili huenda ni Twin Pioneer, na hapo umeshapunguza mafaili mengi.