Mikanda ya kaboni kwenye daraja la zamani: shughulikieni kutu kwanza

Mwenzetu ameuliza kama daraja dogo la zege lililo karibu na bahari hapa Dar es Salaam, ambalo bimu zake (mihimili inayolibeba) zimepasuka kwa chini na nondo zimeanza kuonekana, linaweza kuimarishwa kwa kubandikwa mikanda ya nyuzi za kaboni badala ya kubomolewa. Kwa uzoefu wangu wa kusimamia ukarabati wa zege katika ukanda huu wa Pwani, linaweza, ila sharti kubwa kuliko yote halihusu kaboni bali chumvi.

Uwezo wa mikanda yenyewe haubishaniwi. Mwaka 1991 Daraja la Ibach, karibu na Lucerne nchini Uswisi, liliimarishwa kwa mikanda yenye uzito wa kilo 6.2, mahali ambapo mabamba ya chuma yangefikia kilo 175. Hata hivyo, daraja lile lilikuwa limekatwa nyaya zake za chuma na watu waliotoboa zege ili wafunge taa za kuongozea magari, kutu haikuhusika. Letu linaliwa kwa ndani. Chumvi hupenya kwenye vinyweleo vya zege hadi kwenye nondo, kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kwa msukumo huo. Ukibandika mkanda juu ya zege la namna hiyo, kutu itaendelea kusukuma nyuma yake mpaka ganda la zege libanduke pamoja na mkanda.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza gundi, tobolewe zege na unga wake upimwe chumvi kwa kina mbalimbali. Bimu zigongwe kwa nyundo, na kila panapolia mlio mtupu pabomolewe hadi nyuma ya nondo, nondo zisafishwe hadi zing'ae, ndipo pazibwe. Zege lenye chumvi likiachwa pembeni mwa kiraka, kutu huhamia pale pale kwenye ukingo, na ndiyo maana mimi husisitiza vipande vya zinki vifungwe kwenye nondo ili vilike badala ya nondo zenyewe.

Kipimo nisichokubali kirukwe ni cha kuvuta. Kidude cha chuma cha mviringo hugandishwa juu ya zege kwa epoksi, yaani gundi ya aina ile ile ya kubandikia mikanda, kisha huvutwa kwa mashine mpaka king'oke, na mwongozo wa ACI 440.2R, wa Taasisi ya Zege ya Marekani, unataka zege livumilie angalau megapaskali 1.4, yaani mvuto wa kama kilo 14 kwa kila sentimita ya mraba. Katika kazi moja upande wa Kigamboni, mkandarasi alikuwa tayari kubandika, lakini kidude kiling'oka kikiwa na utando wa kijivu tu, mwembamba kama ganda la yai. Tulisimamisha kazi, uso wote ukasagwa kwa grinda hadi kokoto zikaonekana, na kipimo kiliporudiwa kidude kiling'oka kimebeba kipande cha zege chenye kokoto ndani yake. Hayo ndiyo matokeo ninayoyataka: zege livunjike, gundi ibaki imeshika.

Msimu nao ni muhimu. Wakati wa masika tumbo la bimu hutoka jasho asubuhi, na epoksi ya kawaida haishiki vizuri kwenye unyevu.

Jambo la mwisho ni la mahesabu, na hapo sina mzaha. Epoksi nyingi zinazoachwa zikauke zenyewe kazini hulegea kati ya nyuzijoto 60 na 80 hivi, na chini ya madaraja yetu watu huchoma taka na kupika. Mwongozo huo unataka daraja, hata mikanda yote ikipotea, libebe uzito wake mara 1.1 pamoja na asilimia 75 ya mzigo wa magari. Nondo zikiwa zimekonda kiasi cha kushindwa hilo, kaboni isitumike. Malori yazuiwe mara moja na bajeti ielekezwe kwenye bimu mpya. Naomba mwuliza swali atuwekee hapa kipenyo cha nondo kilichobaki na majibu ya kipimo cha chumvi, tuendelee kutoka hapo.