Safari ya siku mbili: namna ya kukwepa nauli ya mtu wa mkutano

Kwa miaka sita sasa napanda ndege za ndani kila baada ya wiki chache. Mama yangu anaishi upande wa pili wa nchi, na kazi yangu hainipi nafasi ya kukosekana zaidi ya siku mbili au tatu. Kwa barabara, siku moja inaishia njiani kwenda na nyingine kurudi, kwa hiyo ningefika, nimsalimie, nigeuze. Ndege haikuwa anasa kwangu. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya kukaa naye.

Mwanzoni nililipa sana, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba watu waliokwenda huko huko kwa wiki mbili walilipa kidogo kuliko mimi niliyekwenda kwa siku mbili. Ndege ile ile, viti vile vile. Aliyenifungua macho ni dada mmoja aliyekata tiketi kwa miaka mingi. Nilimtajia tarehe zangu: kwenda Jumatatu alfajiri, kurudi Jumatano jioni. Akaniuliza, "Una mkutano?" Nikamwambia hapana dada, naenda kumwona mama. Akasema, "Basi mdogo wangu, kompyuta haijui habari za mama. Inaona tarehe tu, na tarehe hizi ni za mtu wa mkutano."

Tangu siku ile sijatafuta tiketi kwa namna nyingine. Shirika la ndege linauza kitu kinachooza: mlango ukishafungwa, kiti kitupu hakina thamani tena. Kwa hiyo linahitaji abiria wa bei ya chini wajaze ndege, lakini halitaki yule ambaye ofisi inamlipia apate bei hiyo ya chini. Haliwezi kumuuliza kila mtu anasafiri kwa nini. Linachoweza ni kukisia kwa dalili: umenunua lini, unaondoka saa ngapi, unarudi siku gani, utakaa huko usiku ngapi. Safari fupi, kwa umbo lake tu, inakufanya ufanane na mtu wa ofisi. Ukitaka bei ya chini, kazi yako ni kuziondoa dalili hizo moja moja.

Mbinu hii ni ya zamani. Southwest, shirika la ndege la Marekani, ilianza kuruka mwaka 1971 ndani ya jimbo la Texas, kati ya Dallas, Houston na San Antonio, na haikuchukua muda ikaanza kutoza nauli mbili kwa njia moja: ya juu kwa saa za kazi, na ya takribani nusu yake kwa jioni na wikendi. Iliweza hivyo kwa sababu safari za ndani ya jimbo hazikuwa chini ya bodi ya serikali kuu iliyopanga nauli za Marekani. Mwaka 1978 sheria ikaondoa udhibiti huo kwa nchi nzima. Mwaka 1985 American Airlines, ikishindana na People Express iliyokuwa ikiuza tiketi kwa bei ya kutupa, ikaleta nauli za chini zenye masharti: ununue siku nyingi kabla, na safari yako ifuate kanuni ambazo mtu wa biashara hawezi kuzifuata. Viti vilivyobaki vikaendelea kuuzwa ghali kwa wanaonunua dakika za mwisho. Miaka miwili baadaye People Express haikuwepo tena.

Sharti maarufu kuliko yote lilikuwa kulala Jumamosi. Mtu wa ofisi anataka Jumamosi awe kwake, kwa hiyo tiketi yenye usiku wa Jumamosi katikati ilihesabiwa kuwa ya mtu anayesafiri kwa mambo yake. Mashirika mengi ya bei nafuu hayatumii sharti hilo na yanauza kila upande wa safari peke yake, lakini kwenye njia zenye wasafiri wengi wa kazi bado utaliona likifanya kazi. Jaribu mwenyewe: tafuta kwenda Jumanne kurudi Alhamisi, kisha tafuta kwenda Jumamosi kurudi Jumatatu mchana, idadi ya usiku ni ile ile, mbili. Kwenye njia yangu tofauti hiyo peke yake iliwahi kunirudishia zaidi ya theluthi ya nauli.

Watu wengi wanaposikia "badilisha tarehe" wanakata tamaa, kwa sababu mwenye siku mbili hana tarehe za kubadilisha. Ninawaelewa. Lakini kwenye safari ya ndani, saa zina nguvu kama tarehe. Ndege ya asubuhi ya Jumatatu na ya jioni ya Ijumaa ndizo zinazogombaniwa. Ndege ya saa sita mchana siku hizo hizo mara nyingi ina bei ya kistaarabu, kwa sababu anayewahi kikao haiwezi kumfaa. Mimi niliomba kazini niingie Jumatatu mchana badala ya asubuhi na nifidie saa hizo siku nyingine. Saa nne za ruhusa ziliokoa fedha nyingi kuliko miezi ya kuvizia punguzo.

Nina tahadhari moja hapa. Ndege ya mwisho ya usiku huwa na bei ya chini, ila ucheleweshaji wa siku nzima unajikusanya kwayo, na ikifutwa hakuna nyingine mpaka kesho. Ya alfajiri sana kwa kawaida ndege yake imelala pale pale uwanjani, kwa hiyo ina sababu chache za kuchelewa. Kwa safari ya wiki mbili kuchelewa saa tano si neno. Kwa safari ya siku mbili saa tano ni mlo mmoja na mama uliopotea. Kwa hiyo nachukua ya mapema kwenda, hata ikiwa na bei ya juu kidogo, na ile ya bei ya chini naiweka kwenye kurudi.

Kuhusu kununua mapema, wengi wanajua neno lakini hawajui linavyofanya kazi. Viti vya daraja la kawaida, ingawa vinafanana, vimegawanywa kwenye mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake. Fungu la chini likiisha, linalofuata linafunguka kwa bei ya juu zaidi. Juu ya hapo, nauli nyingi za chini huwa na ukomo wa siku: hazinunuliki zikibaki chini ya siku 21, au 14, au 7 kabla ya safari. Ndiyo maana bei inaweza kulala pale pale wiki nzima halafu ikaruka usiku mmoja. Kama unajua utasafiri, usiiache siku ya 14 wala ya 7 ikupite ukiwa bado unafikiria. Mimi nimeweka alama kwenye kalenda.

Mafungu hayo yana mtego ambao uliwahi kutugharimu kama familia. Tulikuwa wanne, ndugu na shemeji, nikatafuta tiketi nne kwa pamoja. Bei ilikuja ya juu, nikalipa. Baadaye nilipochungulia tiketi ya mtu mmoja kwa ndege ile ile, nikakuta ya chini kabisa bado ipo. Kumbe fungu la chini lilikuwa na viti vichache kuliko vinne, na mfumo mara nyingi hutafuta fungu moja linaloweza kubeba kundi zima. Tangu hapo natafuta kwanza mtu mmoja, kisha wawili, kisha wote. Bei ikiruka mahali fulani, nanunua kwa awamu mbili. Mwenye mtoto mdogo asimtenganishe na tiketi yake, lakini watu wazima hawana shida.

Kwenye kutafuta kwenyewe sitasema mengi. Fungua Google Flights au chombo kingine kinachoonyesha kalenda nzima ya bei, weka arifa ya njia yako, kisha nenda kwenye tovuti ya shirika lenyewe ukanunue huko. Mambo yakiharibika, ni rahisi zaidi kusaidiwa na aliyekuuzia moja kwa moja. Na usidhani chombo kimoja kinaona kila kitu. Southwest, pamoja na ukubwa wake wote, ilianza kuonekana kwenye Google Flights mwaka 2024 tu. Mashirika madogo ya ndani ndiyo hasa yanayokosekana kwenye orodha hizo, kwa hiyo angalia kwenye ubao au tovuti ya uwanja wako ni nani wote wanaoruka pale. Habari za kununua Jumanne usiku wa manane, au kufungua kivinjari kwa hali fiche ili bei ishuke, nimezijaribu zote kwa subira na sikuwahi kupata faida.

Tiketi mbili za upande mmoja mara nyingi zinaishinda kwa bei tiketi moja ya "kwenda na kurudi", hasa ukichanganya mashirika: la kwanza lina saa nzuri za kwenda, la pili lina bei nzuri ya kurudi. Zina faida nyingine ambayo niliijua kwa machungu. Niliwahi kukosa ndege ya kwenda, nikafika kwa njia nyingine kwa gharama yangu, na siku ya kurudi nikaambiwa nafasi yangu imefutwa. Kwenye tiketi moja ya pande mbili, usipopanda ya kwanza, mashirika mengi hufuta yote yanayofuata. Kama kuna uwezekano hata mdogo kwamba upande mmoja utabadilika, nunua kila upande kwa tiketi yake.

Sasa begi. Hapa ndipo safari fupi inapokuwa na nafasi ya kushinda, na watu wanaitupa. Nauli ya chini kabisa siku hizi mara nyingi hairuhusu zaidi ya kibegi cha kuweka chini ya kiti. easyJet, shirika la bei nafuu la Uingereza, kwa mfano, inaruhusu bure kibegi kisichozidi sentimita 45 kwa 36 kwa 20, magurudumu na vishikio vikiwa ndani ya kipimo. Siku mbili zinaenea humo. Mimi navaa viatu vizito na koti, nabeba shati mbili, nguo za ndani, dawa na chaja. Nilipimiwa begi mlangoni mara moja, likazidi kwa sababu ya mfuko wa mbele uliojaa, na nikalipa fedha iliyokaribia nauli yenyewe. Zawadi ya mama nilikuwa nimeibeba mkononi nikidhani haihesabiwi. Ilihesabiwa. Pima nyumbani kwa futi likiwa limejaa, si likiwa tupu, na usome kipimo cha shirika unalopanda safari hiyo, maana hawafanani.

Kisha jumlisha kila kitu: nauli, begi, kiti kama unakilipia, na gari la kwenda na kutoka uwanjani pande zote mbili. Uwanja wa mbali wenye nauli ndogo unaweza kuwa na teksi inayozidi nauli. Kwenye safari ndefu gharama hiyo inagawanyika kwa siku nyingi, lakini wewe una mbili tu. Nikishapata jumla, naigawa kwa saa nitakazokaa nyumbani kwa mama nikiwa macho. Tiketi yenye bei ndogo inayonifikisha saa nne usiku na kuniondoa alfajiri ya kesho kutwa mara nyingi inashindwa kwenye hesabu hiyo.

Kabla ya kubonyeza kulipa, soma kanuni ya kufuta. Marekani, kwa mfano, sheria inalitaka shirika likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 bila faini au likushikilie nafasi kwa muda huo, mradi umenunua siku 7 au zaidi kabla ya safari. Kwingine inategemea shirika. Na hakikisha jina linafanana na kitambulisho herufi kwa herufi, kwa sababu tiketi ya bei ya chini ndiyo yenye marekebisho ghali.

Ipo safari moja ambayo mbinu hizi zote haziisaidii. Simu inaita usiku, mgonjwa amezidiwa, unatakiwa kesho. Hapo unafanana na mtu wa mkutano kwa kila dalili, na utalipa kama yeye. Lilinikuta mwaka jana. Nililipa ya kwenda tu, ile ya alfajiri, bila kubishana na bei, nikawapigia shirika kuuliza kama wana nauli ya dharura ya familia. Yapo mashirika yenye nauli hiyo, na mara nyingi haionekani kwenye tovuti. Ya kurudi sikuikata usiku ule. Niliikata siku ya tatu, mama alipokwisha kukaa kitandani na kuomba chai, nikachagua ya Jumanne mchana.