Maswali yenu: kufunga konekta za kubana kwenye waya wa dishi

Fundi, waya ni mpya lakini king'amuzi kinasema LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ina shoti. Tatizo ni nini? (Msomaji, Tanga)

Anza na konekta. Mara nyingi ni uzi mmoja tu wa ule wavu wa nyuzi ulio chini ya ganda la nje umegusa waya wa kati. Kumbuka waya huo hauleti picha tu; king'amuzi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kwenye LNB kupitia humo humo.

Kata ncha, uanze upya. Vua ganda la nje kama milimita 13 bila kuchana wavu. Kunja nyuzi zote nyuma, zilale juu ya ganda, hata ule mfupi uliojificha. Foili iliyogandana na plastiki nyeupe iache. Sasa vua plastiki hiyo pamoja na foili yake, kiasi cha nusu ya zile milimita 13, ubaki waya wa kati mtupu. Usiukwaruze kwa kisu: RG6 (aina ya waya wa dishi) nyingi, waya wake wa kati ni chuma kilichopakwa shaba, na shaba ikitoka, kutu inaingia. Geuza ncha kwenye mwanga, uikague pande zote kabla ya kuvisha konekta. Nawasihi sana mafundi wenzangu, hapo msiharakishe.

Nitajuaje konekta imefika mwisho?

Chungulia mdomoni mwake. Plastiki nyeupe iwe sawa na sakafu ya ndani, na waya wa kati utokeze milimita 2 au 3 nje ya mdomo. Kama plastiki iko chini, sukuma tena ukizungusha kidogo. Ukishabana hakuna kurudi nyuma. Ni kukata na kuchukua konekta nyingine.

Sina mashine ya kubania. Plaizi haifai?

Haifai. Plaizi inaminya ubavuni, konekta inapinda. Mashine husukuma pete ya nyuma iingie ndani, ikabana waya mzunguko mzima.

Konekta zile za kuzungusha kwa mkono je? (Fundi kijana, Morogoro)

Ndani ya nyumba zinavumilika. Juu ya paa, hapana: upepo unatikisa waya, konekta inalegea, na masika maji yanapita. Hata ukitumia ya kubana, acha waya uning'inie kidogo chini ya LNB ili maji yadondoke hapo.

Nina konekta za waya aina ya RG59, waya wangu ni RG6.

Rudisha dukani. RG6 ni nene zaidi, haitaingia vizuri.