Moki ya SAT Ikishusha Alama, Fungua Daftari Kwanza

Umesoma miezi miwili pale Kisumu kwa ajili ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, jioni baada ya jioni. Moki, yaani mtihani wa majaribio, ya kwanza 1180, ya pili 1210, ya tatu 1170. Moyo unavunjika, na hilo linaeleweka kabisa. Lakini alama 40 zinaweza kupanda au kushuka bila wewe kusahau chochote. Maswali tu yamebadilika, au ulilala vibaya. Usiihukumu miezi miwili kwa moki moja.

Kinachomaliza watu nguvu ni kufanya moki nyingine kesho yake kwa hasira. Moki kamili za bure kwenye Bluebook, programu ya kufanyia SAT, ni chache, na ukizimaliza kwa wiki moja hutabakiwa na kipimo. Acha wiki mbili kati ya moja na nyingine, na katikati hapo fanyia kazi daftari la makosa.

Kila kosa lipe mstari wake: swali, jibu ulilochagua, sababu, tarehe ya kulirudia. Sababu ndiyo roho ya daftari. "Sikuwa makini" haikufundishi lolote. Tuseme swali lilikuwa: ikiwa 3x + 7 = 22, 6x ni ngapi? Ukachagua 5, na hiyo 5 ilikuwa imewekwa pale kati ya majibu ikikungoja. Andika: "Nilitafuta x, waliuliza 6x." Dawa yake ni kupigia mstari kinachoulizwa kabla ya kugusa hesabu, si kusoma aljebra upya. Rudia swali hilo baada ya siku tatu, kisha baada ya siku kumi, bila kuchungulia. Ukiona sababu moja imejirudia mara sita, umepata kazi ya wiki: dakika 40 kwa siku, tovuti ya masomo ya Khan Academy ni bure, na maswali kumi uyanakili kwenye karatasi mapema, maana mvua ya jioni ikipiga, stima hupotea.

Aliyezoea KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, huumia kwa namna yake. Kule njia ina alama, kwa hiyo anang'ang'ana na swali moja dakika tano. SAT inahesabu jibu tu. Kusoma na kuandika ni maswali 54 kwa dakika 64, yaani kama sekunde 71 kila moja. Hesabu ni 44 kwa dakika 70. Likikushinda, kisia, liwekee alama, songa, urudi kabla moduli (kila sehemu ina mbili) haijafungwa. Jibu baya halikati alama, basi usiache pengo hata moja.

Jambo jingine linalovunja watu moyo wakiwa ndani ya chumba cha mtihani: moduli ya pili inakuja ngumu ghafla. Ugumu huo hutokana na kufanya vizuri moduli ya kwanza, kwa sababu programu hupima kisha huchagua. Tulia, pumua, endelea.

Kituo chako kikiwa Nairobi, usisafiri na basi la usiku wa kuamkia mtihani. Fika mchana wa siku iliyotangulia, uchaji laptopu hadi ijae. Intaneti ikikatika katikati ya mtihani, usisimame: programu haisimami wala saa haisimami, nawe endelea kujibu. Mtandao utauhitaji tena wakati wa kutuma majibu.