Muulize Nesi: Sindano ya uzazi kwenye friji ya soda

SWALI: Shikamoo nesi. Nina duka dogo huku Magarini na watoto watatu. Zahanati walinifunza kujidunga ile sindano ndogo ya kupanga uzazi, wakanipa mbili za kuja nazo nyumbani. Kwa hili joto letu niliona zitaharibika, nikazificha kwenye friji ya dukani, chini ya soda. Ya kwanza nilijidunga pajani, lakini kama nusu ya dawa ilichuruzika. Sasa tarehe ya pili imepita wiki nzima. Je, nijidunge hii iliyobaki? Tena damu ya mwezi siioni, na mama mkwe asema inajaa tumboni.
Mama Watatu, Magarini

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya friji usijidunge. Najua umeona chanjo zikiwekwa kwenye baridi, lakini hii si chanjo. Inataka nyuzi 15 hadi 30, na kwenye friji haiwekwi. Irudishe zahanati upewe nyingine, na hiyo iweke kabatini, mbali na jiko na mbali na bati la paa. Joto la chumbani si adui mkubwa kama barafu ya soda zako.

Kuchelewa wiki moja, kwa mwenzako aliyedungwa sawasawa, lisingekuwa jambo. Sindano ni ya miezi 3, na Shirika la Afya Duniani linaruhusu kuchelewa hadi wiki 4. Wewe lakini huwezi kuutegemea muda huo. Dawa yote ni mililita 0.65, haifiki robo ya kijiko cha chai. Ukimwaga nusu umebaki na nini? Siku ile ungerudi kwa nesi mara moja.

Kwa hiyo anza na kipimo cha mimba. Kukosa damu kwa anayetumia sindano hii ni kawaida kabisa, na mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba hakuna damu inayojaa popote: ukuta wa mji wa mimba huwa mwembamba, hauna cha kumwaga. Ila kwako siwezi kusema ni dawa tu kabla ya kupima. Mpaka nesi akuruhusu, baba watoto avae kondomu, na aendelee kuvaa siku 7 baada ya sindano mpya. Nesi akikwambia upime tena baada ya wiki kadhaa, usimwone msumbufu.

Sasa mkono wako, yaani namna ya kujidunga. Tikisa sindano kwa nguvu, kama nusu dakika, hadi dawa ichanganyike. Sukuma kifuniko cha sindano kiingie hadi ule mwanya kati yake na shingo ya sindano ufungike kabisa, ndipo ukivute. Finya ngozi ya paja kwa mbele, au ya tumbo ukikiepuka kitovu, uingize sindano yote hadi shingo yake iguse ngozi. Minya kifuko chenye dawa polepole, hesabu hadi 7. Wengi hapa ndipo wanapokimbia! Toa sindano kwanza, kisha uachie ngozi. Usisugue.

Iliyotumika itie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, watoto wasifikie, uirudishe zahanati. Na ukifika huko mwombe nesi akutazame ukijidunga mbele yake.